Kisiwa cha Man: Nchi Ndogo Iliyoshika Sheria Yake

Katika bahari iliyo kati ya Uingereza na Ireland kuna kisiwa kiitwacho Man. Urefu wake ni maili 33 hivi, na upana wake hauzidi maili 13. Mtu mwenye baiskeli njema aweza kutoka pwani ya mashariki asubuhi akafika pwani ya magharibi kabla ya adhuhuri. Hesabu ya watu ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba wakaaji wake ni 84,069. Kwa udogo huo, mtu angedhani kwamba kisiwa hicho ni wilaya tu ya Uingereza. Sivyo. Man si sehemu ya Uingereza, wala hakijapata kuwa sehemu yake. Mfalme wa Uingereza ndiye mkuu wao, na huko huitwa Bwana wa Man. Tena ulinzi na mambo ya nchi za nje hushughulikiwa na serikali ya London. Lakini kodi, shule, hospitali, polisi, barabara na mashamba ni kazi ya wenyeji wenyewe, ambao hukata shauri katika baraza lao liitwalo Tynwald. Wana noti zao za fedha na stempu zao za barua.

Imewezekanaje basi nchi ndogo namna hiyo, isiyo na jeshi, ikae karne nyingi kando ya mataifa makubwa bila kumezwa? Ngome wanazo, tena nzuri, lakini jibu halimo katika ngome. Limo katika desturi moja ya kale: sheria lazima itangazwe mbele ya watu, mchana, chini ya mbingu, na mtu mwenye malalamiko hupewa nafasi ya kuyaleta hapo hapo. Desturi hiyo imepata kujaribiwa sana, na atembeaye kisiwani huona alama za majaribu hayo karibu kila mji.

MJI WA DOUGLAS

Msafiri ajaye kwa meli hufikia Douglas, mji mkuu, ambao ulipewa hadhi ya jiji mwaka 2022. Kabla ya kushuka huona mnara mdogo kama ngome, umesimama peke yake juu ya mwamba katikati ya ghuba. Mnara huo ulijengwa mwaka 1832 kwa juhudi za Sir William Hillary, aliyekuwa akikaa mjini humo. Bwana huyo alikuwa ameona meli nyingi zikivunjika miambani na watu wakifa maji karibu kabisa na nchi kavu. Mwaka 1824 alianzisha chama cha kuokoa watu baharini kwa mashua, na chama hicho kingali kikifanya kazi katika pwani za Uingereza na Ireland kwa michango ya watu na kwa mabaharia wa kujitolea. Mwaka 1830 yeye mwenyewe, akiwa mtu mzima wa miaka karibu 60, alitoka kwa mashua wakati wa dhoruba kwenda kuokoa mabaharia wa meli iliyokuwa ikivunjika juu ya mwamba ule ule, na wote waliokolewa. Ndipo akajenga mnara, ili mtu atakayetupwa hapo na mawimbi apate mahali pa kujihifadhi mpaka msaada ufike.

Kando ya bahari kuna reli ya magari yanayokokotwa na farasi, iliyoanzishwa mwaka 1876, na hata leo farasi hao huvuta abiria wakati wa kiangazi. Treni za moshi zilianza mwaka 1873, na za umeme mwaka 1893. Tangu mwaka 1895 iko treni ipandayo mlima Snaefell, wenye urefu wa futi 2,036. Wenyeji husema kwamba siku isiyo na ukungu mtu aliye kileleni huona falme nyingi kwa mara moja: Man yenyewe, Uingereza, Scotland, Wales na Ireland, tena ufalme wa bahari na ufalme wa mbinguni.

Katika mji huu ndimo baraza hukutana kwa kazi za kila siku. Tynwald lina nyumba mbili. Ya kwanza ni House of Keys, yenye wajumbe 24 wanaochaguliwa na watu. Ya pili ni Baraza la Kutunga Sheria, ambalo wajumbe wake wengi huchaguliwa na Keys. Katika uchaguzi wa mwaka 1881 wanawake wenye mali, waliokuwa wajane au wasioolewa, walipiga kura ya kuwachagua Keys. Wanawake wa Uingereza walingoja miaka 37 zaidi kabla ya kuruhusiwa kuchagua wabunge. Mwaka 2006 kisiwa kiliwaruhusu na vijana wa miaka 16 kupiga kura.

MASHAMBA NA DAMU

Kusini mwa kisiwa uko mji wa Castletown, uliokuwa mji mkuu mpaka miaka ya 1860. Katikati yake imesimama ngome ya Rushen, ya mawe ya kijivu, ambayo kuta zake ni nene hata chumba cha mtu mmoja kingeweza kuchimbwa ndani yake. Hapo alifia Magnus, mfalme wa mwisho wa ukoo wa Kinorwe, mwaka 1265. Ukutani pana saa ya kale yenye mshale mmoja tu, nayo yasemekana ililetwa mwaka 1597 kuwa zawadi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza.

Mwendo mfupi kutoka hapo, kando ya ufuko, kiko kilima kiitwacho Hango Hill. Mpita njia asiyejua habari zake hupita bila kugeuza shingo, kwa maana hapana kitu cha kutazama ila magofu kidogo ya ukuta na majani. Lakini kila tarehe 2 Januari watu hukusanyika hapo katika baridi kali na kumkumbuka mtu aliyepigwa risasi mahali hapo mwaka 1663.

Jambo lenyewe lilikuwa mashamba. Tangu mwaka 1405 kisiwa kilikuwa mikononi mwa ukoo wa Stanley, mabwana wakubwa wa Uingereza. Wakulima wa Man walishika mashamba yao kwa mila: mtoto alirithi kwa baba, akalipa ada iliyojulikana, wala hakuna aliyewadai hati. Katika karne ya 17 Bwana wa kisiwa aliona kwamba mila hiyo inamnyima faida. Akataka wakulima waache urithi wao, wachukue badala yake mikataba ya kudumu kwa maisha ya watu watatu waliotajwa majina. Hao watatu wakiisha kufa, ardhi irudi kwake. Kwa maneno mengine, mkulima angelala akiwa mwenye shamba akaamka akiwa mpangaji.

Mwaka 1651, Bwana huyo alipokuwa amekwenda kupigana Uingereza upande wa Mfalme, watu wa Man waliinuka. Aliyewaongoza ni William Christian, ambaye wenyeji humwita Illiam Dhone, yaani William mwenye nywele za rangi ya hudhurungi. Kisiwa kikatolewa kwa majeshi ya Bunge. Bwana alikamatwa akakatwa kichwa mwaka ule ule. Lakini Mfalme aliporudi katika kiti chake mwaka 1660, mtoto wa Bwana aliyeuawa alirudi pia kuushika urithi wake, na Illiam Dhone akashitakiwa kwa uhaini. Ndiye aliyeanguka Hango Hill.

Hata hivyo neno la mashamba halikufa pamoja naye. Wakulima, wasiojua kama watoto wao watarithi, hawakuwa na moyo wa kujenga ukuta wala kupanda mti, na kisiwa kikazidi kuwa maskini. Mwishowe wajumbe wa Keys walikwenda kuzungumza na Bwana wa wakati ule, na Askofu Thomas Wilson akasaidia kuwapatanisha. Mwaka 1704 Tynwald ilipitisha sheria iliyothibitisha urithi wa wakulima milele, nao wakakubali kulipa ada na kodi zilizowekwa wazi. Hapakuwa na bunduki wala mti wa kunyongea. Kilichompa mkulima wa Man shamba lake ni maneno yaliyoandikwa, yaliyokubaliwa na pande mbili, na kusomwa mbele ya watu.

MWENYE GAZETI ALIYEFUNGWA

Lakini isidhaniwe kwamba Keys walikuwa siku zote upande wa watu. Kwa muda mrefu hawakuchaguliwa na raia. Mmoja alipokufa au kujiuzulu, waliobaki walitoa majina mawili, na mwakilishi wa Bwana akachagua moja. Hivyo wakawa kama jamaa ya watu wenye mali waliorithishana viti.

Mwaka 1765 serikali ya Uingereza, ikiudhika kwa sababu ya magendo mengi yaliyopitia Man, ilinunua haki za kutawala kisiwa kutoka kwa ukoo wa Atholl, uliokuwa umezirithi. Bei ilikuwa pauni 70,000. Wakaaji hawakuulizwa. Tangu hapo ushuru wa forodha ulikwenda London, na bandari na barabara za kisiwa zikaachwa kuchakaa.

Karne moja baadaye, mwaka 1864, James Brown, mwenye gazeti la Isle of Man Times, aliandika maneno makali juu ya Keys kwa sababu walikataa kuwapa watu wa Douglas uwezo wa kusimamia mji wao. Keys walimwita mbele yao, wakamhukumu kifungo cha miezi sita katika ngome ya Rushen. Brown alipeleka rufani London, na mahakama ikaamua kwamba baraza linapotunga sheria halina amri ya kumfunga mtu kwa kulikosoa. Akafunguliwa, tena akalipwa fidia.

Luteni Gavana Henry Loch alitambua kwamba mambo hayawezi kuendelea namna ile. Alikuwa akiomba London irudishe sehemu ya ushuru ili kisiwa kijenge bandari. Na London ikakubali mwaka 1866, kwa sharti kwamba Keys wawe wakichaguliwa na watu. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika mwaka 1867. Msafiri atembeaye leo kwenye barabara pana ya ufukoni pale Douglas husoma jina la Loch juu ya kibao.

GURUDUMU LA LAXEY NA BARABARA ZA PIKIPIKI

Upande wa mashariki, katika bonde la Laxey, liko gurudumu la maji ambalo humshangaza kila mgeni. Kipenyo chake ni futi 72 na nusu. Lilijengwa mwaka 1854 kwa mpango wa fundi Robert Casement, ili livute maji kutoka chini kabisa katika mgodi wa risasi na zinki. Likaitwa Lady Isabella, jina la mke wa Luteni Gavana wa wakati ule. Kisiwa hakikuwa na makaa ya mawe, lakini maji ya milimani yalikuwapo bure. Basi fundi akayatumia maji kuyatoa maji. Mgodi ulifungwa mwaka 1929, lakini gurudumu limehifadhiwa. Wageni hulisifu kwa uzuri wake. Wenyeji hukumbuka pia wanaume walioshuka gizani kwa ngazi, na wale waliokufa kwa hewa ya sumu mwaka 1897 katika mgodi wa Snaefell, juu kidogo ya bonde hilo.

Barabara za kisiwa zina sifa ya namna nyingine. Hapo mwanzo wa karne ya 20 sheria ya Uingereza haikuruhusu barabara za watu wote zifungwe kwa mashindano ya magari. Tynwald ilitunga sheria yake mwaka 1904 na kuyaruhusu. Mwaka 1907 yakaanza mashindano ya pikipiki yaitwayo TT, ambayo huleta wageni na fedha nyingi. Njia ya mlimani, itumikayo tangu mwaka 1911, ina maili 37 na robo tatu, nayo hupita kati ya nyumba, kuta za mawe na madaraja. Waendeshaji zaidi ya 250 wamekufa juu yake. Ndivyo ilivyo kujitungia sheria: faida ni ya wenyewe, na msiba vilevile.

Yako mambo mengine ambayo wageni wameyalaumu. Kisiwa kiliendelea kuwachapa viboko vijana waliohukumiwa mahakamani muda mrefu baada ya Uingereza kuacha. Mwaka 1978 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba adhabu hiyo humvunjia mtu heshima yake, ingawa wenyeji wengi walitaka iendelee. Nayo ikafutwa katika sheria mwaka 1993. Tena kodi ndogo za kisiwa zimevuta makampuni mengi ya fedha, na mataifa mengine hunung'unika kwamba mapato yao yanakimbilia huko. Watu wanaojitawala huweza kukosea, hata wakiwa wengi na wa nia moja.

LUGHA ILIYOHESABIWA KUWA IMEKUFA

Kusini kabisa kipo kijiji cha Cregneash, chenye nyumba ndogo za mawe zilizoezekwa kwa nyasi. Kondoo wa rangi ya hudhurungi, wengine wenye pembe nne, hula majani karibu nazo, na paka wasio na mikia huota jua mlangoni. Tangu mwaka 1938 kijiji hicho ni mahali pa kuhifadhi maisha ya wakulima na wavuvi wa zamani.

Katika nyumba kama hizo ilisemwa lugha ya Kimanx, ndugu ya lugha za kale za Ireland na Scotland. Katika karne ya 18 Biblia ilitafsiriwa kwa lugha hiyo. Lakini katika karne ya 19 wazazi walianza kuwanyima watoto wao lugha hiyo. Hapakuwa na amri iliyowalazimisha. Waliona tu kwamba Kiingereza ndicho kiletacho kazi, na ilisemwa kwamba kwa Kimanx mtu hapati hata peni moja. Hesabu ya mwaka 1901 iliwakuta wasemaji karibu 4,400 tu. Ned Maddrell, mvuvi aliyeipata lugha hiyo utotoni huko Cregneash, alifariki mwaka 1974 akiwa na umri wa miaka 97, na wataalamu wakaandika kwamba msemaji wa mwisho aliyekua nayo tangu utoto ameondoka.

Walakini wako watu waliokuwa wamejitayarisha. Chama cha kuitunza lugha kilianzishwa mwaka 1899. Mwaka 1948 watu waliotumwa kutoka Ireland walikuja na mashine za kunasa sauti, wakawasikiliza wazee waliobaki. Vijana wa kisiwa nao waliwatembelea wazee hao jioni baada ya kazi, wakajifunza matamshi kutoka kinywani mwao. Mwaka 2001 ikafunguliwa shule ya msingi ambayo watoto hufundishwa kwa Kimanx. Mwaka 2009 shirika la UNESCO lilipoitaja lugha hiyo miongoni mwa zile zilizokufa, watoto wa shule hiyo waliliandikia barua kwa Kimanx, wakiuliza: ikiwa lugha yetu imekufa, je, barua hii tumeiandika kwa lugha gani? Shirika likabadili maneno yake. Leo watu zaidi ya 2,000 husema kwamba wanaijua lugha hiyo, kidogo au sana.

KILIMA CHA TYNWALD

Shule hiyo iko sasa katika kijiji cha St John's, karibu na kilima ambacho ndicho roho ya nchi. Kilima chenyewe ni kidogo, futi 12 tu, kimejengwa kwa ngazi nne za mviringo na kufunikwa na majani mabichi. Yasemekana kwamba udongo wake ulichukuliwa kutoka katika parokia zote 17 za kisiwa, hata asiwepo mtu wa kusema kwamba kilima si chake.

Kila tarehe 5 Julai, au Jumatatu ifuatayo ikiwa siku hiyo ni ya mwisho wa juma, wakuu hutoka kanisani kwa maandamano, wakapita katika njia iliyotandazwa majani marefu ya kinamasi kama ilivyokuwa desturi ya mababu. Mfalme, au Luteni Gavana kwa niaba yake, huketi juu kabisa. Keys huketi chini yake, na maofisa wengine ngazi za chini zaidi. Ofisa wa korti hutangaza kwamba mtu asithubutu kugombana wala kufanya fujo baraza likiwa limeketi. Kisha sheria zote mpya husomwa majina na maana yake kwa ufupi, kwa Kiingereza na kwa Kimanx. Sheria isiyotangazwa hapo katika muda wa miezi 18 tangu kupitishwa, hufa. Waziri aweza kuitaka sana, na wajumbe wote waweza kuwa waliipigia kura. Lakini isiposikika kilimani, si sheria tena.

Halafu huja jambo ambalo wageni wengi hawalitazami, maana halina ngoma wala tarumbeta. Mtu wa kawaida hutoka katika umati na karatasi mkononi, akasogea mpaka chini ya kilima, akaitoa. Ni malalamiko yake: juu ya shamba, au njia iliyofungwa, au malipo aliyonyimwa, au sheria aionayo kuwa mbaya. Karatasi hupokewa mbele ya watu wote na kuchunguzwa, na ikiwa imefuata kanuni, mjumbe yeyote wa Tynwald aweza kuichukua na kuipeleka barazani ijadiliwe. Nyingi hazifiki mbali; baadhi zimebadili sheria.

Mwaka 1979 kisiwa kilisherehekea miaka elfu ya baraza lake, na Malkia Elizabeth wa Pili mwenyewe aliketi kilimani. Sherehe ilikuwa kubwa, na bendera nyekundu zenye alama ya miguu mitatu zilipepea kila mahali. Alama hiyo huwa na maneno ya Kilatini, ambayo maana yake ni kwamba vyovyote itakavyotupwa, itasimama. Kilima chenyewe ni udongo mtupu, na ng'ombe wachache wangeweza kukikanyaga kikaharibika katika majira moja ya mvua. Kinachokisimamisha ni wakulima waliodai urithi wao, mwenye gazeti aliyekataa kunyamaza, watoto walioandika barua, na yule mtu ajaye kila mwaka na karatasi yake.